Jimbo lililoahidiwa kwa siku 100: kisa cha Punjab ya Kusini

Tarehe 9 Mei 2018, wiki kumi na moja kabla ya uchaguzi mkuu wa Pakistan, kundi la wabunge kutoka kusini mwa jimbo la Punjab lilijiunga na chama cha Pakistan Tehreek-e-Insaf (PTI) kwa hati ya makubaliano iliyotiwa saini hadharani. Kundi lilileta kura za majimbo yake ya uchaguzi. Chama kilitoa ahadi kwamba kikishika serikali, suala la kuunda jimbo jipya la Punjab ya Kusini lingeshughulikiwa ndani ya siku 100 za mwanzo. PTI ikashinda, ikaunda serikali Islamabad, mji mkuu wa nchi, na Lahore, mji mkuu wa Punjab, ikakaa madarakani zaidi ya miaka mitatu na nusu. Jimbo halikuzaliwa.

Wanasiasa waliohusika siwataji kwa majina. Siasa za Pakistan zikishazungumzwa kwa majina, mazungumzo hugeuka mara moja kuwa ugomvi wa nani shujaa na nani msaliti, na utaratibu ulioleta matokeo husahaulika. Utaratibu huo ndio ninaotaka tuutazame.

## Usuli

Katika hesabu za kura, Punjab ndiyo Pakistan. Zaidi ya nusu ya wananchi wote wanaishi humo, na viti vya Bunge la Taifa hugawiwa kwa idadi ya watu. Anayeishika Punjab huwa amekwisha kuikaribia Islamabad.

Upande wa kusini wa jimbo hilo una divisheni tatu: Multan, Bahawalpur na Dera Ghazi Khan. Sensa ya 2017 ilikuta humo watu karibu milioni 35, takriban theluthi moja ya watu wa Punjab. Wengi wao huzungumza Saraiki. Ni nchi ya pamba na maembe, na makaburi ya masufi ambayo watunzaji wake, masharifu wa ukoo kwa ukoo, ni watu wazito katika siasa. Magharibi, chini ya milima ya Sulaiman, wazito ni machifu wa makabila ya Kibaluchi. Sehemu kubwa ya ardhi iko mikononi mwa familia chache, na mkulima anayelima shamba la mtu hufikiri mara mbili kabla ya kumnyima kura yake.

Pengo kati ya kusini na Lahore linapimika. Mwaka 2016 serikali ya Pakistan na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti ya umaskini wa pande nyingi, kipimo kinachoangalia elimu, afya na hali ya makazi pamoja. Wilaya ya Lahore ilikuwa na asilimia 4.3 ya watu walio maskini kwa kipimo hicho. Muzaffargarh ilikuwa na asilimia 64.8, Rajanpur 64.4, Dera Ghazi Khan 63.7. Wilaya hizi zote nne zina waziri kiongozi mmoja, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, bunge moja la jimbo na bajeti moja. Katika miaka hiyohiyo Lahore ilikuwa inajengewa treni ya umeme ya Orange Line, yenye urefu wa kilomita 27, kwa mkopo wa China. Mwalimu wa Rajanpur aliyetaka faili lake la pensheni lisogee ilimbidi alifuate Lahore, safari ya mamia ya kilomita. Watu wa kusini wana jina la uchungu kwa utawala huo: Takht Lahore, kiti cha enzi cha Lahore.

Hapa kuna jambo la fedha ambalo wengi hulipita haraka. Mgawo wa saba wa mapato ya taifa, uliokubaliwa mwishoni mwa 2009, uliyapa majimbo asilimia 57.5 ya mfuko wa pamoja wa kodi. Fedha hizo zikagawanywa kati ya majimbo kwa kuangalia idadi ya watu kwa asilimia 82, umaskini na kubaki nyuma kwa asilimia 10.3, na vigezo vingine kwa kiasi kilichosalia. Marekebisho ya 18 ya katiba, Aprili 2010, yakahamishia majimbo elimu, afya na mengine mengi. Wapenda demokrasia walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia: madaraka yalikuwa yametoka Islamabad. Lakini yalipofika Lahore yalisimama. Umaskini wa Rajanpur uliingia katika hesabu iliyoipatia Punjab fungu lake, na hakukuwa na nguvu ya kutosha ya kuilazimisha Lahore kulifikisha fungu hilo Rajanpur.

Madai ya jimbo nayo yalikuwa ya zamani. Bahawalpur ilikuwa dola ya kifalme yenye nawabu, yaani mtawala wake, hadi 1955, ilipoingizwa katika jimbo moja la Pakistan Magharibi. Jimbo hilo lilipovunjwa mwaka 1970, wenyeji walitarajia kurudishiwa chao. Badala yake wakaunganishwa na Punjab, na maandamano yao hayakubadilisha kitu. Tangu hapo kuna hoja mbili zinazoonekana kama moja: wengine wanataka jimbo la Wasaraiki lenye moyo wake Multan, wengine wanataka Bahawalpur irudi kama Bahawalpur. Mei 2012 Bunge la Punjab lilipitisha maazimio kwa ajili ya yote mawili. Mwanzoni mwa 2013 tume ya bunge ikapendekeza jimbo moja lenye majina yote mawili, na likaishia katika karatasi.

## Matukio yalivyofuatana

Julai 2017 Mahakama ya Juu ilimwondoa madarakani waziri mkuu wa wakati huo, kiongozi wa Pakistan Muslim League (Nawaz), PML-N. Chama chake kiliendelea kutawala, lakini kila mtu aliona upepo umegeuka. Aprili 2018 wabunge wa kusini, wengi wao kutoka chama hichohicho, walijitoa na kutangaza umoja wa kudai jimbo, Janoobi Punjab Sooba Mahaz. Mlezi wao alikuwa mzee aliyewahi kuwa waziri mkuu wa muda. Wapinzani wao walidai kwamba wamesukumwa na jeshi, wenyewe walikana. Mwezi mmoja baadaye umoja ulijivunja na kuingia PTI kwa hati niliyoitaja.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Julai. Agosti kiongozi wa PTI akapigiwa kura 176 za kuwa waziri mkuu katika Bunge la Taifa, lililokuwa na viti 342 wakati huo. Siku chache baadaye mbunge asiyejulikana sana kutoka Taunsa, wilaya ya Dera Ghazi Khan, aliyekuwa amepitia umoja ule, akachaguliwa waziri kiongozi wa Punjab kwa kura 186 dhidi ya 159. Bunge hilo lina viti 371.

Siku 100 zilikwisha Novemba 2018 bila muswada. Januari 2019 PML-N, sasa ikiwa upinzani, ikaleta muswada wake wa kuunda majimbo mawili kwa pamoja, Bahawalpur na Punjab ya Kusini. Machi 2020 serikali ikatangaza njia nyingine: sekretarieti ya Punjab ya Kusini, yenye katibu mkuu wa nyongeza atakayekaa Bahawalpur na inspekta jenerali wa nyongeza wa polisi atakayekaa Multan. Ofisi hizo zilianza Julai mwaka huo. Aprili 2021 waziri mkuu alikwenda Multan kuweka jiwe la msingi la majengo. Januari 2022, miaka mitatu na nusu baada ya uchaguzi, muswada wa kubadilisha katiba ukafikishwa Seneti. Aprili 2022 serikali ikaangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani.

## Maamuzi na sababu zake

Wabunge wale wangeweza kuhama mmojammoja, kama walivyozoea. Familia nyingi za kisiasa za kusini zilikuwa na Muslim League ya Jenerali Musharraf, mtawala wa kijeshi wa wakati huo, mwaka 2002, zikawa na PML-N mwaka 2013. Mhamaji huitwa lota, birika ya kutawadhia isiyo na kitako imara, na matusi hayo humfuata hadi kwenye mkutano wa kijiji. Kuhama kwa pamoja chini ya bendera ya jimbo kuliwapa vitu viwili ambavyo kuhama kimyakimya kusingewapa: heshima mbele ya wapigakura na nguvu ya kudai bei mbele ya chama. Siamini kwamba wote walikuwa waongo. Baadhi yao walikuwa wamelizungumza jimbo kwa miaka. Ila hakuna aliyeweka sharti la kutoka: hati haikusema wangefanya nini ahadi isipotimizwa.

PTI kwa upande wake ilikubali tarehe bila kuwa na hesabu. Kifungu cha 239 cha katiba kiko wazi. Mabadiliko ya katiba yanahitaji theluthi mbili ya wajumbe wote wa Bunge la Taifa na theluthi mbili ya wajumbe wote wa Seneti, na mabadiliko yanayogusa mipaka ya jimbo hayafiki kwa rais kabla bunge la jimbo hilo lenyewe halijayapitisha kwa theluthi mbili. Katika Bunge la Taifa la wakati ule hiyo ni kura 228. Punjab ni 248. Hakuna makadirio ya uchaguzi yaliyowahi kuipa PTI idadi hizo, na Seneti ilikuwa imejaa wapinzani. Chama kilijua. Kilikubali kwa sababu kiliuhitaji ushindi wa kusini, na kilikuwa kimejifunza mwaka 2013 kwamba vijana wenye shauku hawatoshi kumshinda mwenye ardhi, maji ya mfereji na mkono katika kituo cha polisi.

Uteuzi wa waziri kiongozi kutoka Taunsa ulitolewa kama ishara. Waziri mkuu mwenyewe alisema mtu huyo anatoka sehemu ambayo nyumbani kwake hakuna umeme. Ishara hiyo iligusa watu, nami naiona ilikuwa na thamani yake. Mtoto wa Taunsa kuona mtu wa kwao amekaa Lahore si jambo dogo. Lakini hakuwa na kundi lake ndani ya chama, na asiye na kundi hawezi kuwabana wakubwa wa kaskazini ya Punjab wakubali kugawana.

Sekretarieti ilichaguliwa kwa sababu haikuhitaji theluthi mbili ya mtu yeyote. Amri ya serikali na kanuni za utendaji zilitosha. Kuigawa kati ya Multan na Bahawalpur kulikwepa swali la makao makuu, lile lile lililowagawanya watu tangu 1970. Fedha nazo zilitengwa kwa uamuzi wa baraza la mawaziri: katika bajeti ya 2021/22 kusini ilipewa rupia bilioni 189 kati ya bilioni 560 za maendeleo, karibu asilimia 34, na miradi yake ikachapishwa katika kitabu cha pekee.

Uamuzi wa mwisho ndio unaoniuma zaidi, na mara nyingi hautajwi kabisa katika hadithi hii. Mei 2019 serikali hiyohiyo, iliyokuja kwa ahadi ya kusogeza madaraka karibu na mwananchi, ilivunja halmashauri zote za Punjab zilizochaguliwa 2015 na 2016. Sababu ya kisiasa ilijulikana: nyingi zilikuwa mikononi mwa PML-N. Sheria mpya iliahidi uchaguzi mwingine ndani ya mwaka mmoja. Haukufanyika. Machi 2021 Mahakama ya Juu ikasema kuvunjwa huko kulikwenda kinyume cha katiba, serikali ikachelewa miezi kurudisha madiwani, na muhula wao ukaisha Desemba 2021 wakiwa wamekaa ofisini muda mfupi tu.

## Matokeo

Katiba ya Pakistan bado inataja majimbo manne. Baada ya serikali kuanguka, na hasa baada ya ghasia za wafuasi wa PTI za tarehe 9 Mei 2023 na msako uliofuata, wengi wa waliotia saini mwaka 2018 waliihama PTI. Safari hii hapakuwa na bendera ya jimbo.

Uchaguzi wa tarehe 8 Februari 2024 ulifanyika huku PTI imenyang'anywa alama yake ya fimbo ya kriketi, wagombea wake wakisimama kama watu huru, kila mmoja na alama yake ya pekee kwenye karatasi ya kura. Mpigakura asiyejua kusoma ilimbidi akariri alama ya mgombea wake tangu nyumbani. Watu walifanya hivyo kwa mamilioni. Na mfanyabiashara mkubwa wa sukari aliyekuwa fundi wa kuwakusanya wabunge mwaka 2018, sasa akiwa na chama kipya, alishindwa Multan na akashindwa Lodhran, kisha akatangaza kuachana na siasa.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni fedha zenye daftari lake. Hadi 2021 mtu wa kusini aliyelalamika kwamba fungu lake linaliwa Lahore alijibiwa kwa takwimu za jimbo zima, asiweze kubisha. Kitabu cha pekee cha miradi kilimpa mwandishi wa habari wa Bahawalpur na mwanasheria wa Dera Ghazi Khan kitu cha kushika: barabara hii imeandikwa, shule hii imeandikwa, iko wapi? Ni chombo cha uwajibikaji kilichopatikana bila kubadilisha hata nukta ya katiba. Udhaifu wake ni kwamba kilisimama juu ya utashi wa baraza la mawaziri. Bunge la Punjab lingeweza kuutungia mgawo huo sheria kwa kura za kawaida, na serikali ilikuwa nazo hizo kura. Haikufanya. Kati ya mambo yote yaliyoshindikana, hili ndilo ambalo halikuwa na kisingizio cha theluthi mbili.

Sekretarieti ilikuwa na faida ndogo zaidi kuliko ilivyosifiwa. Faili la mwalimu liliweza kuishia Multan au Bahawalpur, na hiyo ni nafuu ya kweli kwa aliyekuwa akipanda basi usiku kucha. Lakini maofisa wake waliwajibika kwa Lahore, walihamishwa na Lahore, na hapakuwa na mjumbe yeyote wa kuchaguliwa wa kuwauliza. Kusini ilipata wakubwa zaidi bila kupata sauti zaidi.

Kosa la msingi liko mwezi Mei 2018, katika kuliweka jimbo kama mali ya chama kimoja. Jambo linalohitaji theluthi mbili haliwezi kupatikana bila mpinzani, na mpinzani hatatoa kura yake ili mwingine avune sifa. Muswada wa PML-N wa Januari 2019 ulikuwa mtego kwa kiasi fulani, kwa kuwa walijua majimbo mawili yangewagawa watu wa kusini wenyewe. Ila ulikuwa pia mlango. Vyama vikubwa vyote vitatu, ukihesabu na Pakistan Peoples Party, vilikuwa vimekwisha kusema hadharani kwamba vinaliunga mkono jimbo kwa namna moja au nyingine. Kamati ya pamoja iliyoanza kazi wakati huo ingekuwa na miaka mitatu mbele yake. Muswada uliofika Seneti Januari 2022 ulikuwa na miezi mitatu.

Hofu za majimbo mengine pia zilipuuzwa, nazo si za kubuni. Katika Seneti kila jimbo lina viti 23, liwe kubwa au dogo, na ndiyo kinga kuu ya Balochistan na Sindh dhidi ya wingi wa Punjab. Ukiigawa Punjab mara mbili bila maelewano, wanaogopa ardhi ileile itakuwa na viti 46. Sindh ina hofu nyingine juu yake: mlango ukifunguliwa kusini mwa Punjab, nani atawazuia wanaotaka Karachi, mji mkuu wa Sindh, iwe jimbo? Anayetaka jimbo jipya kwa dhati angeanza na wasiwasi huu, kwa mazungumzo Quetta, mji mkuu wa Balochistan, na Karachi, kabla ya kuchonga jiwe la msingi Multan.

Kuna swali gumu zaidi, na wasomaji wa Kisaraiki wenyewe huliuliza kwa ukali kuliko mtu wa nje. Kusini haijawahi kukosa wakubwa. Rais wa nchi wa 1993 hadi 1997 alitoka Dera Ghazi Khan. Waziri mkuu wa 2008 hadi 2012 alitoka Multan, na chama chake ndicho kilicholibeba dai la jimbo hadi bungeni. Uchaguzi wa 2013 ulipofika, chama hicho kilianguka vibaya kusini kwenyewe. Waziri kiongozi wa 2018 hadi 2022 alitoka Taunsa. Kama vyeo vya watu wa kwenu vingetosha, Rajanpur isingekuwa na asilimia 64.4. Jimbo jipya linaloongozwa na familia zilezile, katika ardhi ileile isiyogawanywa, linaweza kuleta Takht Multan mahali pa Takht Lahore. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwa hiyo jimbo halina maana. Bunge lililo karibu hufikiwa na maandamano, magazeti na mahakama za karibu. Hoja yangu ni kwamba jimbo peke yake halimfikii mkulima asiye na ardhi. Chombo kinachomfikia ni halmashauri, na hicho ndicho kilichovunjwa.

Julai na Agosti 2022 mafuriko yaliyoteremka kutoka milima ya Sulaiman yaliingia vijiji vya Taunsa, Dera Ghazi Khan na Rajanpur. Maji hayo hufuata njia zinazojulikana, na wazee wa kila kijiji wanajua ni tuta gani likiachwa bovu litawazamisha. Punjab nzima haikuwa na diwani aliyechaguliwa wa kupeleka taarifa hiyo popote. Ilifika uchaguzi wa Februari 2024 ikiwa hivyohivyo: mkazi wa Rajanpur alipewa karatasi mbili, moja ya mbunge wa Islamabad na moja ya mbunge wa Lahore.